Harufu ya Mabibo Kinywani mwa Baba Yako

Nimemchoma baba yako sindano leo asubuhi. Mimi niliyekuwa nikiikimbia, kwa mkono wangu huu huu. Yeye amesema hakusikia kitu, na najua amenidanganya kwa kunistahi, lakini dawa yote imeingia na damu haikutoka hata tone. Basi ule ujumbe uliomtuma nao somo yako, kwamba hupandi lori kesho mpaka ujue nani atamchoma baba, jibu lake ndilo hilo. Panda lori.

Sasa ndiyo nikusalimu. Asalaam aleikum, mwanangu Somoe, hujambo huko chumbani? Mimi sijambo kwa kusema tu, maana mwili wote unauma. Naandika hapa uani nimekalia mbuzi ya nazi, nazi zenyewe nimemwachia jirani azikune. Mchele unapetwa, kuni zinapasuliwa, shangazi yako Mwajuma anatoa amri kama akida, na kila mtu anadhani naandika hesabu ya viti. Waache wadhani.

Najua utajiuliza barua ya nini, na kati yako na mimi upo ukuta mmoja wa udongo. Desturi unaijua. Tangu somo yako Bi Esha alipokuweka ndani, mimi mama yako sina ruhusa ya kukufunda. Mama akimfunda bintiye mwenyewe, wanasema, haya inaondoka nyumbani. Ya chumbani, ya jikoni na ya kuwapokea wakwe atakueleza yeye, na kwa kazi hiyo hana mwenzake. Mimi sitayagusa. Lakini Bi Esha hajui kusoma, na mimi najua kuandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatoka wa pili, na huyo wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo hesabu mwenyewe nilikuwa wa ngapi. Barua hii nitaikunja ndani ya kanga ya njano. Ukiivaa usiku huu itakudondokea miguuni.

Nataka ujue habari ya ugonjwa wa baba yako ilivyokuwa, siyo ile uliyoiona wewe, ile iliyokuwa ndani yangu. Wewe ulikuwa ukimwuguza. Mimi nilikuwa nikimhukumu.

Unamkumbuka alivyokuwa kabla ya msimu ule wa mabibo. Mwanamume amejaa, tumbo limetangulia, shingo imekaa. Akipanda kuadhini, sauti inafika mpaka kwenye mashamba ya chumvi. Mimi nilikuwa najisifu kwa tumbo lile, maana nilikuwa nimelijenga mwenyewe kwa tui zito na mkate wa kumimina. Wanawake wakiniuliza namlisha nini, nawajibu kwamba simlishi, namfuga. Walicheka, na wivu waliondoka nao.

Kisha akaanza kiu. Mtungi niliokuwa najaza kwa siku mbili ukawa hauvuki alasiri. Usiku anatoka nje, anarudi, anatoka tena. Na mwili ukaanza kumwagika kama mchanga kwenye kikapu kilichotoboka. Mimi ningekubali kusemwa kwa lolote, lakini siyo kwamba nimeshindwa kumlisha mume. Nikampikia uji wa asali asubuhi. Mchana miwa, nimeimenya na kuikata vipande. Nikamkamulia mabibo mabichi, bakuli zima. Chai nikaitia sukari mpaka kijiko kikawa kizito. Nilivyozidi kumlisha ndivyo alivyozidi kuyeyuka, na nilivyomwona anayeyuka ndivyo nilivyozidi kumlisha. Ukiniuliza kitu gani kilinichosha mwaka ule, mwanangu, ni kule kukazana na kosa.

Alfajiri moja akarudi kutoka msikitini, akainama juu yangu kutundika kofia yake kwenye kigingi. Pumzi yake ikanipiga usoni. Ilikuwa harufu ya mabibo yaliyolala.

Wewe umezaliwa hapa, sina haja ya kukueleza. Lakini watoto wako huenda wakazaliwa kwenye mpunga wa mtoni kule Kitaya kwa mumeo wasijue, basi niandike. Msimu ukifika, mabibo yanajaa chini ya mikorosho. Wacha Mungu wanachukua korosho na kuliacha tunda, wengine wanalikamua, wanalichachusha, linakuwa uraka. Na jirani yetu mmoja ni mkamuaji wa uraka, mpaka wake na wetu ni ule mkorosho uliopinda. Sasa mwanamume anatoka usiku, anaelekea upande ule, anarudi akiyumba, na kinywa kinanuka hivyo. Wewe ungesemaje? Mimi nilisema. Nilimwuliza kama mabibo ameyala au ameyanywa. Akanitazama, akasema:

"Mama Somoe, mimi nina kiu tu."

Sikumwamini. Asubuhi nikamwambia shangazi yako, tena nikamwapisha. Nilimwambia yeye peke yake. Unamjua shangazi yako. Kumwambia yeye peke yake ni kukodi ngoma.

Yaliyofuata uliyaona. Akaanza kulalamika ubavu wa kulia, chini ya mbavu, mzigo ambao haumwachi kulala. Tukaenda zahanati. Bwana dresa akamlaza, akabonyeza, akasema ini limevimba, limeshuka chini ya mbavu. Kisha akamwuliza kama anakunywa, kwa upole, kama anavyomwuliza kila mtu mwenye ini. Baba yako akajibu kwamba tangu azaliwe hajaonja. Lakini benchi la nje lilikuwa limejaa watu, na benchi lilisikia swali, halikusikia jibu. Ijumaa ile wazee wa msikiti wakamwendea kwa adabu, wakamwomba aipumzishe sauti. Akawapa ufunguo wa chumba cha mikeka bila kuuliza sababu. Akaja nyumbani akakaa barazani, na ilipofika adhuhuri akaadhini mwingine, na baba yako akawa anafuatisha kwa midomo tu.

Kisha wakaja wa Kitaya kuposa. Mjomba wake Saidi alikula ubwabwa wangu, akausifu, na alikuwa na haki ya kuusifu. Akasema Saidi wao anamtaka Somoe wetu, hilo halina mjadala. Lakini kuna jambo dogo. Walii wa kumwozesha binti hafai kuwa mnywaji, na wao wamesikia yaliyosemwa, basi baba mdogo asimame badala ya baba. Aliyasema vizuri, kwa sauti ya chini, na baba yako alikuwepo. Alikuwa anaangalia mkeka, anaufuata ukili kwa kidole.

Mimi kinywa changu kinajulikana mpaka masoko ya Chikongola. Mwenye duka la nguo kule akiniona anashusha bei kabla sijapanda kwenye baraza lake. Siku ile kinywa hicho nilikifunga. Nilisikia mume wangu anavuliwa ubaba wake, nikanyamaza, kwa sababu ndani yangu nilikuwa nimekwisha kumvua. Somoe, nimebeba maji, nimebeba kuni, nimebeba mimba sita na nikazika watoto wawili. Sijabeba kitu kizito kama kimya kile.

Aliyetuokoa ni wewe, na hili nitalisema mbele ya watu wote kesho hata Bi Esha akinikonyeza. Ulikwenda kumwaga maji chooni, ukaniita nije nione. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani mpaka pale baba yako anapokojolea. Shangazi yako akachungulia juu ya bega langu, akasema hata sisimizi wa nyumba hii wanapenda uraka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinamisha kichwa. Wewe ukamjibu, tena kwa sauti ya mtoto anayeomba chumvi:

"Basi shangazi, twende kwako tukaangalie. Kwa mumeo watakuwa wengi zaidi."

Mumewe hajalala mkavu tangu tumjue. Tulikwenda, sisi watatu, na nusu ya mtaa ikatufuata. Kwake kulikuwa na inzi, na mende mmoja. Sisimizi hakuna hata wa dawa. Shangazi yako alisimama pale mlangoni mwa choo chake, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ukoo huu nikamwona anashika ufagio bila kuamriwa.

Tukajua sisimizi wetu hawafuati uraka, ndipo tukampandisha baba yako lori siku ya pili, tukalala Ufukoni kwa mama yako mdogo, asubuhi tukaenda hospitali. Unakumbuka yule daktari Mhindi, Kiswahili chake cha dukani lakini maneno yake yametulia. Akachukua mkojo, akauchanganya na dawa yake ya rangi ya samawati, akauchemsha kwenye kijichupa cha kioo juu ya moto. Samawati ikawa kijani, kijani kikawa njano, njano ikaishia rangi ya tofali. Akamnusa kinywa. Akambonyeza ubavu. Nami nikauliza kwa sauti, wodi nzima isikie, maana hilo ndilo nililokuwa nimelifuata, kwamba mume wangu ni mlevi au si mlevi.

"Mama, ini hili halikuvimbishwa na pombe. Limevimbishwa na sukari."

Wewe ulikuwa nje unatafuta maji, ndiyo sababu nakuandikia alivyonieleza. Alisema ini ni ghala. Mtu akila, ini linachukua sukari ya chakula na kuiweka, na njaa ikija linaitoa kidogo kidogo. Lakini ile dawa ambayo mwili unajitengenezea wenyewe, ya kuielekeza sukari pa kwenda, kwa mgonjwa wa kisukari imepungua. Basi sukari inazunguka katika damu kama mgeni aliyekaribishwa ndani asionyeshwe pa kukaa. Viungo vinalia njaa, na shibe iko mlangoni. Ini haliwezi kujua. Linadhani nyumba ina njaa, linafungua ghala, linamwaga sukari nyingine juu ya ile. Mwili unaanza kula mafuta yake, ndiyo maana baba yako alikonda. Mafuta hayo yanakwenda kuchomwa hapo hapo kwenye ini, na moshi wake unatoka kinywani, una harufu ya tunda lililochacha. Na mafuta yasiyochomwa yanabaki mle ndani, yanarundikana, mpaka ini linavimba na kutoka chini ya mbavu. Kumbe ile harufu, mwanangu, haikutoka kwa jirani. Ilitoka ndani ya ini lake.

Nikamwuliza kama ni asali yangu. Hakunificha. Alisema ugonjwa ulikuja wenyewe, lakini asali iliupelekea kuni. Akasema pia kwamba ini lina fadhila, likipunguziwa mzigo mapema linarudi, lakini likiachwa miaka linakuwa gumu, na likiwa gumu halirudi tena.

Baba yako alikuwa amegeukia ukuta. Nilidhani amelala. Jioni, nilipokuwa namfunika, akasema bila kugeuka:

"Ningekuwa nakunywa kweli, ungekuwa wewe wa kwanza kuambiwa."

Mpaka leo hajalirudia. Mimi ndiye ninayelirudia.

Usidhani nilijifunza mara moja. Kichwa changu kina akili nyingi lakini kinachelewa. Tuliporudi nyumbani na vile vifaa vya daktari, vya kupimia mkojo na vya kumchoma dawa ile iliyompungukia, wewe ukawa unachemsha mkojo wake jioni na asubuhi. Jioni unakuwa kijani, vizuri. Asubuhi unakuwa njano. Mtu hajala tangu magharibi, sukari imetoka wapi? Nikasema anaiba. Nikafunga kabati, ufunguo nikaufunga pembeni ya kanga. Nikapekua chini ya godoro, nikitafuta halua. Nikanusa mpaka mto wake, mke mtu mzima, nanusa mto kama paka. Yeye akaniacha nipekue, akainua na miguu nifagie vizuri. Tulipokwenda tena kwa daktari nikamshitakia, naye akacheka mpaka akavua miwani. Akasema ni ini lile lile. Linaamka kabla ya mwadhini, linamwaga sukari ili mwili upate nguvu ya kuamka, na la mgonjwa halijui kiasi. Nilikuwa nimefunga kabati, na ghala lenyewe liko tumboni mwake.

Huko kote hakunisuta. Alisema tu kwamba sasa nimerudisha ufunguo, anaweza kupata chumvi.

Nami nikafanya ninachokijua. Ngoma niliyoikodi ya kumharibia jina, nikaikodi ile ile kulirudisha. Nilimweleza shangazi yako habari ya ghala na moshi, nikamwapisha asimwambie mtu. Kufikia Jumapili hata watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wanajua ini linakaa upande gani. Kisimani nilisema mwenyewe. Sokoni nilisema mwenyewe, sauti niliyonayo unaijua. Wazee wakamrudishia ufunguo wa mikeka. Alikaa nao siku kadhaa bila kwenda, nikaogopa kwamba kitu ndani yake kimekatika. Kisha alfajiri moja nikasikia sauti yake, nyembamba kuliko zamani, haifiki tena kwenye chumvi. Kwangu ilifika.

Na Saidi akaja. Peke yake, bila mjomba, vumbi la Kitaya mpaka kwenye kope. Akakaa chini ya miguu ya baba yako akasema yeye anataka kukabidhiwa mke kwa mkono wa baba yake mke. Pale ndipo nilipompenda mkwe wangu. Kwa hiyo kesho baada ya sala ya Ijumaa, mkono utakaomshika Saidi ni ule ule. Wewe hutauona kwa kuwa utakuwa ndani. Mimi nitauangalia kupitia tundu la mlango kwa niaba yako, na sitahadithia vibaya.

Sindano ilibaki. Uliichoma wewe tangu siku ya kwanza, na mimi nikawa natoka nje ukiichemsha. Mimi niliyezaa bila kupiga kelele, nikiiona ile ncha nageuza uso. Na siyo kuogopa damu. Niliogopa kumwumiza tena. Ulipowekwa ndani, Bi Esha akawa anakutoa alfajiri na magharibi umefunikwa gubigubi, unamchoma baba yako, unarudishwa kama mwizi. Nikaona hivi ndivyo nitakavyomfunga mwanangu, kwa uoga wangu. Nikachukua ile sindano ya zamani, nikaingia nyuma ya jiko na kikapu cha mabibo, nikawa nayachoma maji. Mabibo yanafaa sana, ngozi laini, nyama laini. Wiki nzima nimeyachoma. Kuku wameshiba, na mimi nimelipiza kisasi kwa tunda lililomsingizia mume wangu.

Leo akakaa kwenye kitanda cha kamba, akapandisha shuka, akaniangalia. Akasema Bismillahi yeye, maana mimi nilikuwa natafuta pa kuchoma. Nikachoma. Kisha nikampa uji wake hapo hapo, usio na kitu, kwa kile kipimo chako cha kifuu. Sijasahau siku ile alipochomwa akachelewa kula, akatoka jasho baridi akaanza kutetemeka, na wewe ukamnywesha maji ya sukari, nami nikakushika mkono nikidhani unamwua. Sukari tuliyoifukuza nyumbani ndiyo iliyomrudisha. Tangu siku ile naiweka kwenye kopo juu ya dirisha, na nimeacha kuapa juu ya kitu chochote kwamba ni kibaya.

Daktari alipombonyeza safari ya mwisho alitafuta ini kwa vidole mpaka akalikuta limejificha chini ya mbavu, ncha tu. Akasema linarudi. Hajasema limerudi. Mimi nimelichukua hilo hilo.

Nimechoka, Somoe. Siyo uchovu wa harusi, huo utaisha nikilala. Nimechoka kwa mwaka mzima wa kusoma uso wa mtu mmoja na kuusoma vibaya. Miaka ishirini na zaidi nimelala kitanda kimoja na baba yako, nikimsifu kama mali yangu, na palipotokea harufu nikaamini pua yangu kuliko yeye. Sikuagizi kitu. Bi Esha ameagiza ya kutosha. Nakwambia tu lililonipata. Mimi sikukosa kuuliza. Niliuliza vizuri, na nikajibiwa vizuri. Jibu ndilo sikulisubiri.

Huyo shangazi yako ananiita, anasema bizari haitoshi, kumbe ameikalia. Nikifunga barua hii nitakwenda kumchemshia baba yako sindano ya jioni, kisha nikae naye kidogo kabla ya kelele. Ameulizia mara mbili kama umekula. Hawezi kuja mlangoni kwako, basi anapita pita uani akikohoa ili usikie yuko. Ukisikia kikohozi, ni yeye.

Mwambie mama mkwe wako chai ya baba yako isitiwe sukari, na asimwonee huruma. Fungate yako inaisha siku ya saba. Tunakuja wote, mimi na sufuria ya sindano, shangazi yako na mdomo wake, mama yako mdogo wa Ufukoni, na wadogo zako wamefungwa kamba wasianguke kwenye lori. Baba yako anatangulia mbele kwa dereva. Wazee wa Kitaya wamemtumia salamu kwamba siku hiyo adhana ya adhuhuri ni yake, naye tangu jana ananywa maji ya tangawizi kulainisha koo na kujifanya ana mafua. Tega sikio. Ni Ijumaa ya juma lijalo.

Mama yako,
Binti Salumu